Darasa la pili, watoto 112, mmoja nadhani ana usonji (autism). Naanzia wapi?

Mwl_ChakiMbili

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Nafundisha darasa la pili katika shule ya serikali upande wa Mbagala, Dar es Salaam. Huu ni mwaka wangu wa tatu kazini na nina cheti cha ualimu wa kawaida. Elimu maalumu tuliipitia chuoni kwenye mada mbili tatu, tukajibu mtihani, tukasahau. Darasani nina watoto 112. Wanakaa wanne kwenye dawati la watatu, na waliobaki wanakaa chini karibu na ubao. Sisemi haya ili nionewe huruma, nasema ili asije mtu akaniambia nitenge kona tulivu yenye zulia na mito.

Kuna mtoto nitamwita Dogo. Ana miaka minane, alihamia kwetu Januari. Maneno anayo, tena mengi, ila si ya kujibu. Nikiuliza "Mmeelewa?" wenzake wanaitikia "Ndiyooo", yeye anasema "Mmeelewa?" kwa sauti yangu kabisa, hadi kale kakohozi ninakomalizia. Kipindi kizima anaweza kuwa anaita abiria: "Rangi Tatu, Rangi Tatu, wawili wa mwisho! Sogea nyuma anti! Shusha!" Mwanzoni darasa lote lilikuwa likivunjika mbavu, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao.

Kusoma anasoma kuliko wote. Anasoma boksi la chaki, anasoma namba za magari yanayopita, siku moja alisoma kanga ya mpishi wa uji kwa sauti mpaka mama wa watu akajifunga upya. Lakini ukimsomea hadithi fupi ukamuuliza sungura alikwenda wapi, anakutazama begani kama vile hujasema kitu.

Sasa shida yenyewe. Kengele yetu ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, hatua sita kutoka dirisha la darasa langu. Ikigongwa kwa nondo Dogo anaziba masikio, anapiga mayowe, anajigonga kichwa ukutani, kisha anatoka mbio. Mara mbili ametoka hadi nje ya uzio. Ya pili alirudishwa na kijana wa bodaboda ambaye alimkuta ukingoni mwa Barabara ya Kilwa. Tangu siku ile silali vizuri. Wiki iliyopita alimng'ata mwenzake mkononi, wazazi wakaja na mtoto wao kafungwa bandeji, wakataka "huyo kichaa" aondolewe.

Mkuu wa shule ananiambia niandike barua ahamishiwe shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Mama yake anauza vitumbua asubuhi. Kitengo kilicho karibu ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na baba hayupo. Hospitali alimpeleka mara moja, akaandikiwa kwenye karatasi "dalili za usonji", akaambiwa arudi kwa uchunguzi zaidi. Hajarudi, nauli.

Naombeni msaada wa kweli. Naanzia wapi kesho asubuhi? Na wale 111 nawafanyaje?

Mzee_wa_Zamu

Pole mwalimu. Mimi nitasema ukweli hata kama hamtaupenda. Enzi zetu darasa lilikuwa na watoto 90 na hatukusikia hicho kitu usonji. Mtoto akipiga kelele anachapwa, anatulia. Siku hizi mtoto akidekezwa anatafutiwa jina la ugonjwa. Na kama ni ugonjwa kweli, basi ni hizi chanjo. Mtoto wa kwanza wa shemeji yangu hakuchanjwa surua yuko salama, wa pili kachanjwa haongei hadi leo. Jiulizeni.

MamaWaMwamba_MSA

Hodi. Mie si mwalimu, ni mzazi, niko Mombasa, lakini swali hili limenigusa mpaka nimeacha kuosha vyombo.

Mwanangu ana miaka kumi na moja. Alipokuwa na mitatu akaacha hata yale maneno machache aliyokuwa nayo. Nimepitia yote. Nimenywesha kombe, nimefukiza ubani, nimeambiwa kachezewa na jini wa baharini kwa sababu niliogelea nikiwa na mimba. Mama mkwe alinambia mie ndiye baridi, simpendi mtoto ndiyo maana hanitazami. Neno hilo liliniuma miaka. Baadaye kwenye kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, hivi vyetu vya EARC, dada mmoja alinieleza kuwa hata madaktari wakubwa wa Marekani walikuwa wakiwalaumu akina mama hivyo hivyo miaka ya hamsini na sitini, wakaja kugundua walikosea. Nikalia palepale kwenye kiti.

Lakini nilitaka kusema jambo la mwalimu. Walimu wawili wa kwanza walikuwa wananipigia simu kila siku. Leo kamwaga uji. Leo kavua shati. Leo kapiga mwenzake. Nilifika mahali nikiona namba ya shule tumbo linanikata, siipokei. Mwalimu wa tatu alinipigia siku moja akaniuliza, "Mama, akiwa nyumbani anatulia na nini?" Basi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia anashika ncha ya leso yangu, anaisugua kwa vidole. Nikakata kipande cha leso nikakishona ndani ya mfuko wa kaptula. Yule mwalimu alipata mwaka mzuri kuliko wote, na si kwamba alikuwa na ujuzi wa ajabu.

Kwa hiyo mwulize mama wa vitumbua. Mwulize anatulia na nini, anaogopa nini, na akitoroka nyumbani anakwenda wapi. Wa kwangu alikuwa anatoroka kila siku tukidhani anakimbia shule, kumbe anakwenda kwenye mtambo wa kusaga kutazama ule mkanda unavyozunguka. Tulipojua, tulimpeleka wenyewe Jumamosi na kutoroka kukapungua. Hakukuisha, nisiwadanganye.

Na tafadhali usimpelekee mama barua ya makosa kwanza. Mpelekee jambo moja jema. Mwambie anasoma kuliko wote. Huenda hajawahi kuambiwa.

BibiKitengo

Marahaba mwanangu Chaki Mbili. Mimi nimestaafu. Nilifundisha darasa la kawaida, nikapelekwa chuo cha Patandi pale Tengeru kusomea elimu maalumu, nikatoka nikakaa kitengo miaka kumi na tisa mpaka magoti yakakataa. Nitaandika kirefu, nivumilieni, natumia simu ya mjukuu.

Kwanza nimalizane na Mzee wa Zamu, kwa heshima zote. Enzi zenu walikuwepo. Waliitwa mazezeta, wakafichwa ndani, au walikuja shule wiki mbili wakaacha, na hakuna aliyewahesabu. Hali hii imeandikwa na daktari Leo Kanner tangu 1943, mimi na wewe labda hatujazaliwa. Habari ya chanjo ya surua ilitoka kwenye makala moja ya mwaka 1998 Uingereza, iliyozungumzia watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida lililoichapisha likaifuta na daktari aliyeiongoza akanyang'anywa leseni. Tangu hapo watoto wengi mno wamefuatiliwa katika nchi mbalimbali na uhusiano huo haujaonekana. Mtoto wa shemeji yako angekuwa vilevile bila sindano, na surua inaua. Na fimbo: kanuni zetu za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Mtoto anayepiga mayowe kwa sababu sauti imemchoma masikio, ukimchapa umemwongezea maumivu ya pili juu ya ya kwanza. Atanyamaza, ndiyo. Hata mgonjwa aliyezimia hunyamaza.

Sasa Dogo.

Msaidie mama arudi hospitali, hata kama ni kuchangishana nauli ofisini. Kuna mambo mawili yaangaliwe mapema. Masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri anaweza kufanana sana na huyu, ingawa wako anasikia, tena kupita kiasi. Na kifafa, maana watoto wenye usonji hupata kifafa zaidi ya wengine, na si lazima aanguke. Kuna kile cha kutumbua macho sekunde kadhaa kama taa iliyokatika umeme, kisha anarudi. Ukikiona kiandike saa na tarehe, daktari atakushukuru.

Halafu nunua daftari la kurasa 40. Chora safu tatu. Ya kwanza: nini kilitokea KABLA. Ya pili: alifanya nini. Ya tatu: nini kilifuata BAADA. Kila akipiga mayowe, kung'ata au kukimbia, andika mistari mitatu hata kama umechoka. Usiandike "alikuwa mkorofi", hiyo haitusaidii. Andika "saa nne kasoro kumi, mwalimu wa kipindi hakuja, watoto wanasukumana". Wiki mbili tu. Utaona mambo ambayo macho yako yalikuwa yanayapita kila siku. Nilikuwa na mtoto aliyekuwa akivua nguo kila Jumatatu. Tulisema mengi kuhusu mtoto yule. Daftari ndilo lililotuonyesha kwamba Jumatatu sare inatoka kufuliwa na kupigwa wanga.

Kengele: huwezi kuuhamisha mwarobaini, ila unaweza kuihamisha ringi. Kama mkuu hataki, kafunge kipande cha tairi au gunia kwenye ncha ya nondo. Italia, ila haitapasua. Hilo halina bajeti.

Kubwa kuliko yote ni kumwambia kinachokuja. Wewe na mimi tunaijua siku yetu, kwamba baada ya Hisabati kuna uji, na mwalimu asipokuja tunajua mambo ya ofisini. Yeye kila mara anasukumwa kwenye giza. Wataalamu wa North Carolina, Marekani, walianzisha tangu 1972 mpango wao wa kufundisha watoto hawa, TEACCH, na nguzo yake mojawapo ni hiyo: siku ionekane kwa macho. Wao wana vibao vizuri. Mimi nilikata maboksi ya sabuni. Nikachora kitabu, namba, kikombe cha uji, mpira, nyumba. Nikatoboa, nikapitisha kamba, nikatundika kwenye msumari kulingana na ratiba. Kipindi kikiisha yeye mwenyewe anageuza kadi. Dogo anasoma, basi chini ya picha andika neno. Siku ratiba inapovunjika, kama kuna mgeni au mvua, chora kadi ya alama ya mshangao, mwonyeshe asubuhi: leo kuna badiliko. Wale 111 wako hawatapata hasara. Mtundikie ubaoni, utashangaa nusu ya darasa walikuwa hawajui kipindi kinachofuata.

Kando ya hizo weka kadi mbili kubwa: KWANZA na KISHA. Kwanza kuandika mistari mitatu, kisha kusoma namba za magari dirishani dakika mbili. Ukiahidi dakika mbili timiza dakika mbili. Ukimdanganya mara moja, umezichoma kadi zote.

Maneno yake ya daladala usiyachukulie kuwa utovu wa adabu wala mchezo. Watoto wengi hawa huanza lugha kwa kurudia vipande vizima, na kipande kina maana yake. Nilikuwa na msichana akiumwa popote, jino, mguu, anasema "Tumbo linauma, kunywa maji," kwa sababu ndivyo mama yake alivyosema siku ya kwanza alipoumwa. Sasa sikiliza: Dogo anasema lipi, LINI. Hilo nalo liingie daftarini.

Ukimwagiza, ita jina lake kwanza, toa agizo moja tu, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Sisi walimu hatuvumilii kimya, tunarudia agizo kwa maneno mengine, naye aliyekuwa anakaribia kulielewa la kwanza anaanza upya. Achana na "Mmeelewa?", hata mimi sijui hujibiwa nini. Na usimlazimishe kukutazama machoni. Mimi nilikuwa nawashika watoto kidevu nikiwageuza. Miaka mingi nilifanya hivyo, nikidhani nafundisha adabu, na nikikumbuka nyuso zao naona aibu hata leo.

Aking'ata au akijigonga, usihutubie. Ondoa watoto karibu yake, weka mkono wako au sweta kati ya kichwa na ukuta, sema maneno mawili au usiseme kabisa, ngoja. Akiwa katika hali ile hafundishiki.

Kuhusu uzio, hilo ni la shule nzima na si lako peke yako. Mlinzi, mpishi wa uji na watoto wa la saba wamjue kwa sura. Kaa naye mbali na mlango, mlango uwe nyuma yako. Chagua watoto wawili watulivu wa kuwa karibu naye, wabadilishe kila wiki, asije mtoto wa watu akageuka yaya.

Kuhamia kitengo: kitengo kizuri ni kitu kizuri, nimekitumikia. Lakini barua ya kumwondoa mtoto kwa sababu ya ringi ya lori mimi nisingeiandika bado. Mwone afisa elimu maalumu wa manispaa, mwambie una mtoto wa kubainishwa, akutafutie mwalimu wa kukutembelea. Mfuate, tena mfuate. Na msisubiri mtihani wa darasa la nne ndipo mseme ana mahitaji maalumu. Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa hawa dakika 20 za nyongeza kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine, lakini lazima shule iwe imemtambua mapema.

Betri imebaki asilimia nne.

Fundi_Kaseti

Nimesoma yote. Nina miaka 31, natengeneza simu Arusha. Mimi ni huyo Dogo. Nilipata jibu nikiwa na 27, kwa hiyo shule yote nilisoma bila jina. Jina nililokuwa nalo ni Kaseti, kwa kuwa narudia.

Sina mengi. Bibi amesema kweli kuhusu macho. Nikikutazama machoni sauti nasikia ila maneno hayaingii. Nikitazama ukuta nakuelewa.

Kitu ambacho hakijatajwa ni paredi. Jua, watu mnabanana, mwalimu wa zamu anapita nyuma anakugusa ghafla kukagua kola. Mimi siku yangu ilikuwa inaharibika saa moja na nusu asubuhi kabla sijaingia darasani. Mwulize mwalimu wa zamu kama anaweza kusimama mwisho wa mstari pasipo na mtu nyuma yake.

Halafu kengele. Kelele ninayoipiga mwenyewe haiumi kama kelele inayonishtukiza. Hata leo mashine ya kupuliza vumbi nikiiwasha mimi sawa, akiiwasha mwenzangu naondoka dukani. Mjaribu awe mgonga kengele. Inaweza kushindikana. Kila mtu na wake.

Msimwite kichaa mbele yake. Anasikia, na atarudia.

Mzee_wa_Zamu

Nimesoma. Bibi umenichapa vinne na umeandika kwenye daftari. Fundi, samahani kijana wangu, sikujua mko humu.

Mwl_ChakiMbili

Shikamoo Bibi. Shikamoo Mama Mwamba. Nimerudi baada ya wiki tano, samahani kwa kimya, tulikuwa na mitihani ya kati.

Nilianza na daftari. Matukio 14 kwa wiki mbili. Nilidhani yote yatakuwa ya kengele. Kumbe tisa yalitokea KABLA ya kengele, ile ya uji, kuanzia kama dakika kumi hivi. Anajua inakuja ila hajui ni sasa au bado, anakaa kama mtu anayesubiri kofi. Matatu yalikuwa siku ambazo mwalimu wa kipindi cha pili hakuingia. Moja ni la kung'ata tena, na moja sijui hadi leo, alikuwa amekaa tu.

Nikaenda kwa mama yake jioni anapoloweka mchele. Nikaanza na kusoma, kama nilivyoelekezwa. Aliniomba nirudie. Halafu nikamwuliza anatulia na nini. Akacheka, akasema, "Kwa mjomba wake." Mjomba ni konda! Jumamosi anampakia Dogo kwenye gari kutoka asubuhi mpaka saa nane mchana, anakaa siti ya nyuma ya dereva, hana neno. Nikaelewa zile siku mbili alikuwa anakwenda Barabara ya Kilwa kufanya nini.

Na maneno yake, Bibi! Nikayaandika na saa. "Sogea nyuma anti" anasema wenzake wanapombana kwenye dawati. Siku aliyomng'ata yule mtoto alikuwa ameisema mara nne, nimeulizia, mashahidi wapo. "Shusha" anasema anapotaka kutoka nje. Alikuwa ananiambia kila siku na mimi nacheka. Nimemkalisha mwisho wa dawati, upande wa ukuta, mtu mmoja tu pembeni yake. Akisema "Shusha" namruhusu kwenda hadi kwenye bomba na kurudi, mtoto mmoja nyuma yake kwa mbali. Wiki ya kwanza alishuka kama mara ishirini kwa siku. Sasa ni nne, tano.

Kengele. Mkuu wa shule alikataa kuhamisha ringi ila gunia alikubali. Kisha nikaleta wazo la Fundi. Siku ya kwanza Dogo aligonga bila kukoma, shule nzima ikatoka nje wakidhani kuna moto, la saba wakaanza kubeba ndoo za maji. Nikaitwa ofisini. Nikaomba siku moja zaidi. Nikamchorea mistari saba kwenye kadi, kila pigo anagusa mstari, ya saba anaweka nondo chini. Imekaa sawa tangu hapo. Nimempa saa ya mkononi ya plastiki, anagonga saa nne kamili, wala si nne na dakika moja. Sasa walalamikaji ni walimu waliozoea kupitiliza vipindi, mmoja kanifuata kuniambia mtoto wangu anamkatia somo. Nikamwambia saa anayo.

Hospitali tulikwenda, ofisi ilichanga. Masikio mazima. Tumepewa tarehe ya kurudi.

Mengine hayajakaa. Siku ya michezo ya kata nilisahau kadi ya badiliko, akaning'ata mimi, alama ninayo. Kuandika hataki, anasema "gari bovu". Na yule mzazi wa bandeji bado hanisalimii.

Kadi za ratiba zinafanya kazi, ila tatizo ni hili, naomba ushauri: kadi ya uji ameila. Si ya kwanza. Ametafuna vikombe vitatu na nyumba moja.

BibiKitengo

Marahaba mwanangu. Zungushia selotepu pana pande zote mbili, ukate pembe ziwe duara zisimchome. Na anatafuna saa ngapi? Kama ni kabla ya uji ana njaa, mwulize mama kama amekula kitumbua asubuhi. Kama ni muda wote, mfungie shingoni kamba ya kitambaa kigumu yenye fundo kubwa, aitafune hiyo, iwe ya kukatika kirahisi ikivutwa. Chora vikombe kumi kwa mkupuo, usichore kimoja kimoja.

Na kuhusu "gari bovu", mpe kalamu nene ya risasi. Nadhani ile nyembamba inamkwaruza.